Ringi Zilizong'aa Siku ya Nne

Nyinyi mnaobadilisha kila kitu hamtengenezi baiskeli, mnauza vyuma. Nasema hivi mapema ili wa kukasirika akasirike sasa, tuendelee. Gololi moja ikipasuka mnatupa ekseli nzima. Cheni ikilegea mnaagiza nyingine kwa simu. Nimefunga kibanda changu cha mtaa wa Mowlem mwezi uliopita kwa sababu magoti yamekataa kuchuchumaa, na chama chenu cha mafundi kikaniomba niwaandikie machache kuhusu kazi. Nadhani mlitaka ya kuwafurahisha. Mtapata yaliyopo.

Nilianza Majengo, nyuma kidogo ya soko la Gikomba, kwa Mzee Shabani, mtu wa ndevu za hina na hasira za karibu. Siku ya kwanza hakunipa spana. Alinipa sufuria ya gololi chafu na mafuta ya taa, akasema nizioshe, nizipange kwa ukubwa, na nisizungumze na mteja. Nilifanya hivyo siku tatu mfululizo. Siku ya nne akaniuliza kama nimechoka, nikasema ndiyo, akaniletea sufuria nyingine. Nyinyi siku hizi mtu akishinda kibandani wiki moja anachapisha kadi za kazi.

Ringi aliziseti kwa ukucha. Anageuza baiskeli miguu juu, anazungusha gurudumu, anaweka ukucha wa kidole gumba pembeni ya ringi na kusikiliza. Ukucha ukikwaruzwa, hapo pamepinda, anakaza spoku robo mzunguko, anasikiliza tena. Hilo nililijua baada ya mwaka mzima na kucha nyingi zilizovunjika. Jambo la pili alilonifunza lilikuwa kung'arisha. Hakuna baiskeli iliyotoka kwa Mzee Shabani bila kung'aa, hata kama mtu ameleta kutia upepo tu. Tulikuwa na kitambaa kilichoroweshwa dizeli na oili kidogo, unapangusa fremu, madigadi, usukani, na ubavu wa ringi mpaka mteja ajione uso. Wakati huo baiskeli karibu zote zilikuwa zile nyeusi nzito zenye breki za vyuma, ambazo raba zake hupanda na kushika ringi kwa ndani, upande unaotazama spoku. Ule upande wa ndani hatukuugusa. Ubavu ulikuwa wa kupendeza tu, ungeweza kuupaka hata samli.

Mwishoni mwa miaka ya themanini nikahamia Mowlem, nikajenga kibanda cha mabati. Wateja wangu walikuwa wauza mkate, wabeba maji, na wafanyakazi wa viwanda vya eneo la Baba Dogo waliolala mtaa wa Lucky Summer na kuja kwangu Jumamosi kwa sababu, kwa maneno yao, fundi wa kule alikuwa mwizi wa pedeli. Sikuwauliza ushahidi.

Jirani yangu alikuwa Makokha, sisi tukimwita Baba Nafula kwa jina la bintiye wa kwanza. Mtu wa kwetu Bungoma, tulikuwa kwaya moja kanisani, yeye akiimba besi, mimi nikijaza nafasi. Alikuwa tarishi wa ofisi moja mjini, akipeleka barua siku nzima kwa baiskeli nyeusi ya ofisi yenye gia moja, gia ambayo ni miguu yako. Alikuwa mwembamba, mpole, na hajui kuchoka. Nilimwona akipanda na gunia la mahindi nyuma huku akinisimulia habari za kanisa, na pumzi haijabadilika.

Mapema miaka ya tisini wakatokea watu na mashindano ya baiskeli za milimani. Siku tano, kutoka miguuni mwa mlima hadi chini Bonde la Ufa, kila siku masaa na masaa ya mawe, matope na vumbi. Unalala hemani, unaamka, unaanza tena, na mwisho wanajumlisha muda wako wa siku zote. Mimi nilicheka. Watu wetu hupanda baiskeli kwenye matope maisha yao yote na hakuna aliyewahi kuwapa kikombe. Hawa walikuwa wanalipa ili wateseke.

Mwaka wa kwanza kiingilio kilikuwa kidogo na kanuni ilikuwa moja, uwe na baiskeli. Makokha akaomba likizo akaenda na ile nyeusi ya ofisi. Akamaliza katikati. Waliomtangulia wengi walikuwa na gia ishirini na moja. Aliowatangulia nao walikuwa na gia ishirini na moja, na jambo hilo halikuwapendeza.

Mwaka wa pili kanuni zikazaa. Helmeti ikawa lazima, cheti cha daktari lazima, bima lazima, gia lazima, tyubu za akiba lazima, na kiingilio kikapanda mara tatu. Walisema ni kwa ajili ya usalama. Usalama ni neno zuri sana, ukilitaja hakuna anayeuliza bei. Makokha akaazima baiskeli ya gia kwa mtu wa ofisini, na siku ya pili kile kidude kinachohamisha cheni nyuma kikanasa kwenye spoku kikakatika. Kipya kilikuwa katika duka moja tu mjini, na bei yake ilizidi mshahara wake wa mwezi. Akarudi nyumbani kwa lori la mboga.

Mwaka wa tatu ndipo walipovuka mipaka. Kila mshindani aje na fundi wake, na fundi naye alipiwe hema na chakula. Yaani nilipe ili nifanye kazi. Kisha zikaja foki za springi, zile nyuma za gurudumu la mbele zinazomeza mtikisiko. Hawakuandika popote kwamba ni lazima. Waliipitisha njia juu ya mawe, na mtu asiye na springi mikono ilimfa ganzi kabla ya saa nne asubuhi. Ndivyo mlango unavyofungwa na watu wenye adabu. Wadosi, matajiri wa upande ule mwingine wa mji, walikuja na baiskeli tatu tatu kwa mtu mmoja, nyepesi kiasi kwamba unaogopa upepo, na wakizungumza hawakutaja jina la mwenye kuipanda, walitaja uzito wa baiskeli.

Mimi ningemwambia Makokha aachane nao. Lakini mwaka huo timu moja ya ng'ambo ilitangaza kwamba Mkenya atakayewashinda Wakenya wenzake ingemchukua kwa kandarasi ya mwaka mzima, mshahara na mahali pa kulala. Na ofisi ya Makokha ilikuwa inapunguza watu. Orodha ilibandikwa ukutani na jina lake lilikuwapo, amebakisha miezi miwili. Alikuja kibandani, akaketi juu ya tairi kuukuu.

"Fundi," akasema, "hii si michezo tena."

Mtaa ukachanga. Kina mama wa kanisa walichanga, matarishi wenzake walichanga, hata wale wa Lucky Summer. Tukanunua baiskeli ya milimani kwa mzungu aliyekuwa akirudi kwao, fremu imepinda kidogo, nikainyosha kwa nguzo ya stima na maombi. Ringi nilizitoa Gikomba, nikazisuka spoku moja moja. Foki ya springi ilikuwa inavuja, nikakata raba ya gambuti nikaitia ndani, ikaacha. Hapo mtaniruhusu nijisifu kidogo, kwa sababu hakuna hata mmoja wenu anayeweza kufanya hivyo, na sitajisifu tena katika karatasi hii.

Siku ya kwanza kambini niliona meza za mafundi wa ng'ambo. Kila spana ina kitanda chake. Wana kinara cha kushikia baiskeli hewani, na kingine chenye sindano za kupimia ringi. Walivaa glavu. Cheni walibadilisha kila jioni, zikiwa nzima, na za jana wakatupa kwenye pipa, nami nikasubiri watoke nikaziokota. Mimi nilikuwa na gunia, spana sita, pampu na ukucha. Nilipogeuza baiskeli ya Makokha miguu juu kwenye nyasi na kuanza kusikiliza, walikuja kutazama. Mmoja alipiga picha. Niliwadharau wote kwa moyo mmoja, na ilinipa nguvu sana.

Makokha naye alikuwa akiwafanyia mambo makubwa kule njiani. Kwenye mlima hakuna aliyemweza isipokuwa wageni wenyewe. Siku ya kwanza alikuwa Mkenya wa pili. Siku ya pili wa kwanza, kwa dakika tatu. Siku ya tatu mvua ilinyesha, baiskeli za watu zikajaa udongo mpaka magurudumu yakagoma, na yeye akaibeba yake begani akapita wakikwangua kwa vijiti. Jioni alikuwa akiwaongoza Wakenya wote kwa dakika kumi na moja. Aliyemfuata alikuwa kijana mmoja wa wadosi aliyekaa chini akalia waziwazi. Zilibaki siku mbili, na ya nne ilikuwa karibu yote mteremko.

Jioni hiyo wale wa glavu walikuwa wakiosha baiskeli kwa brashi na maji ya sabuni. Mmoja wao, mlami mrefu, mzungu aliyefunga nywele kwa mpira wa ofisini, alitazama yetu ilivyojaa tope, akaja na ndoo yake akaiweka miguuni pangu. Alitabasamu. Mimi nikaona ameniletea ndoo kama mtu anayemwambia mwenzake akaoge. Nikaisukuma kwa mguu. Nikatoa kitambaa changu na chupa ya dizeli, nikamimina na oili kidogo juu yake, nikaanza. Nilipangusa fremu, foki, usukani. Nilipofika kwenye ringi yule mlami akanyoosha kidole, akatikisa kichwa, akasema maneno kwa haraka katika lugha yao. Nilijua anachekelea kitambaa, maana kilikuwa fulana yangu ya ndani. Nikapangusa kwa nguvu zaidi. Nikapangusa ubavu wote wa ringi zote mbili, kulia na kushoto, mara mbili, mpaka zikatoa mwanga. Akainua mabega akaenda zake.

Mmeshaona. Hata mwanafunzi wenu wa wiki moja ameona. Breki za baiskeli ya milimani hazishiki ringi kwa ndani. Zinabana ubavuni. Nilikuwa nimezifunga breki hizo mwenyewe, kwa mikono yangu hii, wiki mbili kabla. Kichwa kilijua. Mkono haukujua, mkono ulikuwa bado Majengo, na mimi nilikuwa na hasira, na fundi mwenye hasira hufanya kile alichozoea.

Makokha alipoiona asubuhi alifurahi. Alisema inang'aa mpaka aibu. Mwanzo wa siku ile ulikuwa tambarare, hakukuwa na haja ya breki. Alizigusa mara moja akaona zinateleza, akadhani ni umande. Sisi mafundi tulipandishwa kwenye lori tukatangulia chini mwisho wa mteremko, na mimi njiani nilikuwa nikiwaeleza mafundi wawili Wakenya jinsi nitakavyotumiwa kadi za salamu kutoka ng'ambo.

Wa kwanza walifika, wageni. Kisha yule kijana wa wadosi akafika, peke yake, akigeuka nyuma haamini. Kisha wengine, kumi, ishirini. Kila siku ilikuwa na muda wake, ukipita umeondolewa. Muda ulipokwisha, mtu wa saa alikunja meza. Baada ya hapo ndipo nikamwona Makokha akija kwa miguu, baiskeli begani kwa mkono mmoja, mkono mwingine umening'inia. Kiatu cha kulia hakikuwa na soli. Alikuwa amejaribu kusimama kwa kukokota mguu, kona mbili akazipita salama, ya tatu ikamtupa mtaroni. Mfupa wa mtulinga ulikuwa umevunjika na unaonekana chini ya ngozi. Aliiweka baiskeli chini taratibu, asiiumize.

"Breki hazikushika, Fundi. Nilibana mpaka vidole vikafa. Nimechelewa?"

Nikapitisha kidole kwenye ringi. Kilitoka cheusi, kinateleza. Nikaipangusa ringi kwa koti langu la kazi upesi upesi, nikizungumza huku napangusa, nikisema pole, pole, kaa chini. Nilikuwa na nafasi ya kusema pale pale. Badala yake nilisema ni raba za breki. Nilisema ni zile za bei nafuu, zimechoka kwa tope, na lau tungekuwa na pesa ya zile nzuri za wadosi angekuwa amefika. Hapohapo nikazifungua zile raba, na alipopelekwa kwa daktari nikazitupa chooni. Zilikuwa mpya. Nilizinunua mwenyewe, na zilikuwa nzuri.

Mtaani habari ilifika kabla yetu na ilipokelewa kwa mikono miwili, kwa sababu ilikuwa habari ambayo kila mtu alishaijua: matajiri wametufungia. Wala haikuwa uongo wote. Kiingilio kilikuwa cha uhuni, kanuni zilikuwa za uhuni. Ndiyo maana uongo wangu ulikaa vizuri, ulikuwa umezungukwa na ukweli pande zote. Wale kina mama waliochanga walimlaani mwandalizi mmoja mmoja. Niliisimulia kibandani miaka na miaka, na kila mwaka niliisimulia vizuri zaidi. Makokha alipoteza kazi mwezi uliofuata. Bega lilipona vibaya, akaanza kuuza makaa kwa baiskeli nyeusi ya mitumba, akisukuma zaidi ya kupanda. Kila alipoketi kwangu aliwatukana wale watu, mtu mpole yule, nami nikamsaidia kutukana.

Ningeishia hapo ningekuwa mwongo wa kawaida. Lakini mwisho wa miaka ile ya tisini Nafula alikuwa na miaka kumi na sita, na alikuwa akipeleka makaa ya babake kwa baiskeli mpaka Dandora kwa mwendo ambao wavulana walikuwa wakibishana kama ni halali. Wale wa mashindano wakaanza kutoa nafasi za bure kwa vijana wa mitaani. Kwa nini, sijui, labda magazeti yaliwasumbua. Baiskeli, helmeti, fundi, chakula, vyote juu yao. Mwalimu wao alipita Mowlem, akamwona Nafula kwenye mteremko wa mtoni, akaja nyumbani kwao na fomu.

Makokha hakutia sahihi. Alimleta kwangu, binti akiwa nyuma yake na fomu ameikunja mkononi.

"Wewe ndiye uliyekuwapo," akaniambia. "Mtoto aende?"

Nilikuwa nakaza pedeli ya mtu. Nilikaza zaidi ya inavyohitaji. Kama ningesema aende, angeuliza breki je, na ningelazimika kujibu. Nikamwambia watu wale humpa maskini vitu vibovu, yeye mwenyewe ameona, na baiskeli ya bure ndiyo itakayomuua. Nafula alinitazama mimi, hakumtazama babake. Kisha akaikunja fomu tena, ikawa ndogo kabisa, akaitia mfukoni. Makokha akanishukuru.

Mliponiomba niandike, kurasa tatu za kwanza ziliusimulia ule uongo. Zilitiririka zenyewe, na zilikuwa na vichekesho. Nilipozisoma niliona haya kiasi kwamba nilizichana, nikavaa viatu, nikaenda kwa Makokha. Siku hizi hushinda kwenye kibanda cha mboga cha Nafula, pale nyuma ya soko, akimsaidia kuchambua omena, wale dagaa wa ziwani. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Kitambaa, dizeli, ndoo, raba chooni. Alimaliza fungu lililokuwa mbele yake, akajipangusa mikono.

"Bega limeniuma miaka yote hii," akasema, "lakini bega ni langu. Fomu ilikuwa yake. Mwambie na yeye."

Akamwita. Nafula alikuwa na mteja, mama mmoja na kikapu, akaniambia niseme tu, anasikia. Ana watoto watatu sasa, na miguu yake imevimba kwa kusimama. Nikasema tena, mbele ya mteja, kifupi zaidi. Alisikiliza akiwa ameshika kipimo cha omena hewani.

"Kwa hivyo breki zilikuwa nzima?"

"Zilikuwa nzima."

Akamimina omena kwenye mfuko, akaongeza kidogo juu, akafunga. Akamuuliza yule mama kama anachukua na nyanya.